Dakika Tano za Silviu

Mume wangu Silviu hajui kusema "sijui". Anajua kusema "dakika tano". Nimeishi naye miaka thelathini na mmoja hapa Brăila, Romania, ghorofa ya tatu, na katika miaka hiyo nimeunguza chakula, nimechelewa harusi na nimekosa treni kwa sababu ya dakika tano zake. Nasema haya mapema ili mtu asije akanilaumu kwa yale niliyoyafanya Jumamosi ile.

Kompyuta ilitoka kwa binti yetu Smaranda, anayeishi Chicago. Ilifika Jumanne, imefungwa ndani ya soksi za watoto na pakiti mbili za kahawa. Ilikuwa ya kwake ya zamani. Kabla ya kuituma alifuta kila kitu kilichokuwemo akaweka Linux kwa mikono yake, kumfurahisha baba yake. Linux, kwa asiyeijua, ni mfumo wa kuendesha kompyuta usiouzwa dukani. Unaupata bure, kisha unaulipia kwa maisha yako. Silviu ameupenda tangu nikiwa na kiuno. Smaranda alijua kuandika amri za Linux kabla hajajua kuendesha baiskeli, na baba yake alikuwa akimwambia kila mgeni jambo hilo hata kabla mgeni hajavua koti.

Na sababu ya kompyuta ilikuwa hii. Jumamosi saa moja jioni kwetu, saa tano asubuhi kwao, mjukuu wetu wa kwanza, Ilinca, angebatizwa. Mimi goti langu lilikuwa limepasuliwa majira ya baridi, daktari akanikataza ndege, na Silviu akasema haendi popote bila mimi. Simu yangu ni ya vitufe. Simu yake ina skrini yenye nyufa kama kioo cha basi lililopata ajali. Kwa hiyo Smaranda akatuma kompyuta yenye skrini kubwa, tumwone mtoto vizuri.

"Haina tundu la waya," Silviu alisema siku ile ya Jumanne, akiigeuzageuza mikononi. "Viorica, hebu njoo uone. Watu wametengeneza nyumba wakasahau mlango."

"Si ina waifai?"

"Waifai," akasema, kwa sauti ile anayotumia kutaja mvinyo wa dukani.

Inabidi niseme kitu kuhusu Silviu na nyaya, maana bila hicho mtaona ni mwendawazimu tu. Mwaka 2001, mtaani kwetu hakuna aliyekuwa na intaneti nyumbani isipokuwa aliyemjua Silviu. Alivuta waya kutoka jengo letu hadi la jirani, akaupitisha juu ya mti wa jozi, akaupandisha paa, akaushusha upande wa pili. Tukafika familia arobaini na tatu. Radi ikipiga, mlango wetu unagongwa: "Bwana Silviu, imekatika!" Naye anavaa koti la mvua huyo paani, na mimi jikoni namtukana mpaka ashuke. Watu walimshukuru kwa mitungi ya kachumbari na biringanya, roshani yetu ikajaa hadi nikakosa pa kuanika. Kisha, mwaka 2008, ikaja kampuni kubwa na magari yake meupe na mikataba yake, na ndani ya mwezi mmoja nyaya za Silviu zikashushwa. Zilikunjwa chini ya mti ule ule. Hakuna aliyekuja kumwambia asante, hakuna aliyemwambia pole. Tangu hapo ni fundi umeme kwenye karakana ya tramu, na nyumbani ana Linux yake.

Basi Jumanne akaketi mezani, akaiwasha, akaitafuta waifai yetu. Haikuwepo.

Ruta yetu, kile kisanduku kinachorusha waifai, iko juu ya kabati la vyombo, hatua tatu kutoka mezani. Taa zake zinawaka kijani. Simu ya Silviu inaiona. Runinga inaiona. Kompyuta ya Chicago ilionyesha orodha ndefu: mtandao wa Sanda wa ghorofa iliyo chini yetu, mtandao wa daktari wa meno wa ng'ambo ya barabara, na wa mtu mmoja aliyeuita mtandao wake "Usiguse". Yetu, hakuna.

"Inaona ya daktari wa meno na haioni hii hapa?" nikauliza.

"Ni draiva," akasema. Draiva, kwa maelezo yake, ni programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuitumia kadi yake ya waifai. "Draiva ya kadi hii ni mbovu. Dakika tano."

Jumatano alirudi kazini, hakuvua hata viatu. Akatoa draiva, akaweka nyingine. Orodha ile ile. Akaweka ya tatu. Daktari wa meno yupo, sisi hatupo. Saa nne akaandika swali kwenye ukumbi wa mtandaoni wa watu wa Linux, swali refu, la heshima, na namba zote. Baada ya saa moja mtu asiyemjua akamjibu kwa maneno matatu: soma mwongozo kwanza. Silviu akavua miwani akaifuta. Nilimhurumia kidogo, ila kidogo tu, maana najua ni yeye mwenyewe ambaye kwa miaka ishirini amekuwa akiwajibu watu hivyo hivyo.

Alhamisi akaifungua kwa bisibisi. Nikakuta skrubu kwenye sahani yangu ya chumvi.

"Futa kila kitu uweke upya," nikamwambia. "Si ndivyo unavyowaambia watu wa karakana?"

"Hii kaiweka Smaranda."

"Sasa?"

"Sasa nifute kazi ya mwanangu? Na isitoshe Smaranda hakosei. Nimemfundisha mimi."

"Basi mwambie kuna tatizo, akusaidie."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avae sketi yangu. Jioni ile Smaranda alipiga simu mwenyewe, Silviu akaweka sauti ya wote. "Baba, ile kompyuta iko sawa?"

"Iko sawa, mama. Imebaki kazi ndogo tu."

"Nataka umwone, baba. Mama ananihadithia kila kitu, lakini wewe huwa husemi. Nataka nikuone ukimwona."

"Nitamwona," akasema. "Usiwe na wasiwasi. Dakika tano tu za kazi zimebaki." Nilitamani kumpiga na mwiko.

Ijumaa akapanda Sanda. Sanda ni mjane, kondakta mstaafu wa tramu, na sauti yake haijastaafu. Alisikia habari zetu kupitia dari lake, hakuna aliyemwita.

"Shemeji," akasema akiwa bado mlangoni, "hicho kidude kinaona waifai yangu?"

"Kinaiona, Mama Sanda."

"Basi mnateseka nini? Ingieni kwangu. Neno la siri ni jina la marehemu paka wangu na mwaka aliokufa. Wote mnalijua, mlikuja mazishini."

"Asante sana. Lakini hapana."

"Hapana kwa nini? Inauma?"

"Nataka kujua kwa nini haioni ya kwangu."

Sanda akanigeukia mimi. "Shoga, huyu ulimpata wapi?"

Alipoondoka nikamwambia Silviu aache ujinga. Akasema, polepole, bila kuinua kichwa: "Viorica, huyu mama nilimpa intaneti miaka saba. Nilipanda paa kwa ajili yake usiku wa Krismasi. Leo nimwombe?"

"Hujaomba! Amekupa!"

Akarudi kwenye skrini yake. Nilielewa, na kuelewa hakukunipunguzia hasira hata chembe.

Jumamosi nilioka mkate mtamu wa kusokota wenye jozi na kakao, nikavaa gauni la buluu lililobaki tangu harusi ya Smaranda. Silviu akanyoa, akavaa shati jeupe na tai, na chini ndara. Saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni alichomeka simu yake kwenye kompyuta kwa waya. Nikaona picha za tovuti zinafunguka kwenye skrini.

"Hiyo si intaneti?" nikauliza.

"Ni ya simu. Inapitia huu waya."

"Ni intaneti au si intaneti?"

"Ni intaneti, lakini..."

"Basi Mungu wangu, iache hivyo hivyo! Mpigie mtoto, kaa chini, ndoa yetu ipone!"

"Hiyo si kutatua, Viorica, hiyo ni kukwepa. Nashusha kiini kipya cha mfumo, kina draiva mpya. Kikimaliza nawasha upya, tunaingia safi, skrini kubwa, waifai yetu wenyewe. Dakika tano."

"Unataka kumwona mjukuu wako au unataka kushinda?"

"Vyote viwili," akasema, na alikuwa anatabasamu. Aliamini kweli. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba hakuwa akinidanganya.

Kiini kipya kilishuka. Akaizima, akaiwasha. Skrini ikawa nyeusi, na pembeni juu kistari kimoja cheupe kinapepesa. Tulikitazama. Kilipepesa. Saa ya ukutani ilisema saa moja kasoro dakika kumi.

"Nini hicho?"

"Subiri."

"Silviu, nini hicho?"

"Haijaamka vizuri. Najua la kufanya. Kuna njia ya kurudi kwenye kiini cha zamani, niisome tu." Akachomoa simu, akaanza kusoma humo kwenye nyufa zake, miwani imeshuka puani.

"Tumia hiyo simu! Mpigie kwa hiyo hiyo!"

"Nikiiacha sasa napoteza mahali nilipofika."

"Nipe simu."

"Dakika tano, Viorica! Niachie dakika tano za maisha yangu!"

Alinifokea. Hanifokei kamwe, mimi ndiye mfokaji wa nyumba hii. Nikachukua mkate na ubao wake, nikafungua mlango, nikashuka ngazi moja moja na goti langu, nikilia kwa hasira, unga wa sukari ukinimwagikia kifuani.

Sanda hakuuliza kitu. Akaniketisha kwenye kochi, akaegemeza tableti yake kwenye chombo cha maua, akatafuta jina la Smaranda, maana alimjua tangu anatambaa, akabonyeza. Saa moja na dakika nne nikamwona mwanangu, amevaa kitambaa cheupe kichwani, na nyuma yake mishumaa.

Mama wa ubatizo alikuwa amembeba Ilinca. Kasisi akamuuliza kama anamkataa Shetani, akajibu anamkataa, mara tatu, kisha akageukia magharibi akamtemea Shetani mate, na Sanda naye, kwenye kochi lake, akatema pembeni, kidogo tu, kwa adabu. Nilikuwa nimeanza kutulia. Ndipo Smaranda akaigeuzia simu usoni pake, akanong'ona.

"Mama, mbona uko kwa tanti Sanda? Baba yuko wapi?"

Juu ya dari tukasikia kiti kinaburutwa.

Ningeweza kusema kweli. Nimeifikiria sana dakika hiyo. Lakini alikuwa na macho yale ya utotoni, ya kungoja, na mtoto wake anakaribia kuvuliwa nguo aingizwe majini.

"Yupo nyuma yangu," nikasema. "Analia. Hataki umwone."

"Baba?" akaita kwa sauti, akichungulia juu ya bega langu. "Baba, unaona?"

Sanda, Mungu ambariki, akageuza uso ukutani akakohoa, kikohozi kizito cha mwanamume. Smaranda akacheka, machozi yakamtoka, akaigeuza simu upande wa mtoto. Kasisi akamzamisha Ilinca mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtoto alipiga kelele zilizofika Brăila bila kuhitaji waifai. Sikufurahi kama nilivyopanga kufurahi. Nilikuwa nasikiliza dari.

Kila kitu kilipokwisha, Smaranda akasema wanaelekea ukumbini, atapiga tena. Sanda akaizima tableti, akakata mkate. Hatukuwa tumeula bado tulipomsikia Silviu akishuka ngazi mbili mbili. Akaingia bila kubisha, tai imehamia begani, kompyuta wazi mikononi.

"Imeingia! Viorica, imeingia! Unajua ilikuwa nini? Haikuwa draiva! Draiva ilikuwa nzima tangu Jumanne!"

Akaiweka mezani, juu ya vitambaa vya Sanda. Maneno yakamtoka kwa fujo. Waifai husafiri kwenye njia zenye namba. Huku kwetu zinaruhusiwa kumi na tatu, Marekani zinaishia kumi na moja. Smaranda alipoiweka Linux aliiandikia nchi, Marekani, kama ilivyompasa, kwa hiyo kompyuta ikawa haigusi njia za juu wala haizisikilizi. Na ruta yetu iko njia ya kumi na tatu. Nani aliiweka huko? Yeye, Silviu, miaka miwili iliyopita, kwa sababu njia nyingine zilijaa kelele za majirani, na yeye alitaka njia tulivu peke yake.

"Smaranda hakukosea, mimi sikukosea, na bado haikuona! Nikaandika mstari mmoja tu. Mmoja! Nikaiambia uko Romania. Ikaiona papo hapo!"

Alikuwa na uso ule wa 2001, uso wa mtu aliyeshuka paani na mtaa mzima umepata intaneti. Sikuwa nimeuona kwa miaka mingi. Ningempenda kwa ajili ya uso ule siku nyingine yoyote.

Kisha akaiona tableti imezimwa. Akauona mkate umekatwa.

"Bado hawajaanza?" akauliza.

"Wamemaliza, shemeji," Sanda akasema, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Akaenda jikoni kutafuta sahani ambazo tayari zilikuwa mezani.

Silviu akaketi kwenye ncha ya kochi. Nikamwambia yote: kwamba Smaranda alimuulizia, kwamba alimwita, nilivyojibu.

"Ulimwambia nalia?"

"Ningemwambia unafanya nini?"

Akatazama ndara zake. Tukapanda juu bila kusemezana, yeye mbele na kompyuta, mimi nyuma nimeshika ukuta, na kwenye kila ngazi alinisubiri.

Smaranda alipiga saa mbili na nusu. Silviu alikuwa ameiweka kompyuta katikati ya meza, amefunga tai upya. Uso wa mwanetu ukajaa skrini nzima, nyuma yake ukumbi, watu wanacheza, na Ilinca amelala begani pake, amefungwa kitambaa kipya.

"Baba! Sasa nakuona! Hii ni kompyuta yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe."

"Inafanya kazi vizuri hivi? Nilijua utaiweza. Baba, mama kasema ulilia."

Alifungua mdomo. Namjua mume wangu, niliona kabisa kwamba anakwenda kumwambia kweli, kuanzia draiva hadi njia ya kumi na tatu. Lakini Smaranda alikuwa amesogea karibu, na akauliza kwanza, taratibu, asimwamshe mtoto: "Ulilia wakati gani?"

Silviu akaufunga mdomo. Nilikuwa pembeni yake, nikawaza nimnong'oneze, na sikujua ninong'one nini.

"Alipotoka majini," akasema. "Mara ya tatu."

"Na mimi!" Smaranda akasema. "Hapo hapo, baba! Hapo hapo na mimi!"

Picha ilikuwa safi. Uliweza kuona hata nyuzi za kitambaa cha mtoto, na naye Smaranda, bila shaka, aliweza kutuona sisi vile vile. Haikukatika hata mara moja. Niliomba ikatike.